Bentonia: Siku moja ya bluzi, na mlio unaotafuta warithi

Mji wa Bentonia, katika jimbo la Mississippi kusini mwa Marekani, ni mdogo kiasi kwamba dereva asiyekuwa makini anaweza kuupita bila kujua. Wakazi wake hawafiki 500. Kuna barabara kuu namba 49 inayotoka Jackson, makao makuu ya jimbo. Kuna reli. Kando ya reli hiyo kuna jengo dogo la matofali ya saruji linaloitwa Blue Front Café.

Siku nyingi za mwaka hakuna foleni hapo. Mwenye mkahawa hufungua mlango asubuhi, wenyeji wawili watatu huingia kupiga soga, treni ya mizigo hupita na kutikisa madirisha. Lakini ikifika Jumamosi moja ya mwezi Juni, mji hubadilika. Magari yenye namba za majimbo ya mbali huanza kujipanga kwenye nyasi. Watu hushuka na viti vya kukunja, kofia pana na maboksi ya barafu. Wamekuja kusikiliza bluzi kuanzia mchana hadi giza liingie.

Tamasha la bluzi la Bentonia lilianza mwaka 1972 na linatajwa kuwa miongoni mwa matamasha ya zamani zaidi ya muziki huo katika jimbo la Mississippi. Mwaka 2022 lilitimiza miaka 50. Siku hizi siku za wiki inayotangulia huwa na maonyesho madogo ya jioni, lakini siku yenyewe, ile ambayo mashabiki huiwekea alama kwenye kalenda, ni hiyo Jumamosi moja.

Furaha ya siku hiyo ina swali ndani yake ambalo mashabiki wazoefu hawaliepuki. Mtindo wa bluzi uliozaliwa hapa, ambao haukupigwa vilevile mahali pengine popote, umepita katika mikono ya watu wachache mno. Je, utawapata wa kuupokea?

Asubuhi ya kutafuta kivuli

Mashabiki wanaoujua mji huu hufika mapema, na kinachowawahisha ni kivuli. Juni ya Mississippi ina joto ambalo mtu wa Tanga au Mombasa angelitambua: jua kali, hewa nzito yenye unyevu, shati limeganda mgongoni kabla ya saa nne. Chini ya mti nafasi ni chache, na anayechelewa hukaa juani.

Kwa miaka tofauti tamasha limefanyika katikati ya mji na katika shamba la familia ya Holmes, wenye mkahawa. Popote linapokuwa, mpangilio haubadiliki sana. Kuna jukwaa moja lisilo na makuu, spika chache, na safu za viti ambavyo watu wamekuja navyo wenyewe. Pembeni kuna wauza chakula: samaki wa kukaanga, mbavu za nguruwe zilizookwa taratibu kwa moshi, viazi, soda za baridi. Harufu ya nyama motoni huwafikia watu kabla ya mlio wa gitaa.

Watu wa namna gani huja? Wapo wenyeji, familia nzima kutoka bibi hadi mjukuu, waliozoea tamasha hili tangu lilipokuwa sherehe ya kijiji. Wapo wastaafu kutoka majimbo ya kaskazini ambao kila mwaka hupanga likizo yao kufuata muziki. Wapo vijana waliobeba magitaa yao wenyewe mgongoni, wakitumaini kujifunza jambo. Na wapo wageni kutoka ng'ambo ya bahari, ambao kwao Bentonia ni kituo kimojawapo katika ziara inayopitia Clarksdale, Indianola na Greenwood, miji ambayo majina yake wameyasoma kwenye majalada ya santuri tangu utotoni.

Watu hawa hukutana kama ndugu wa ukoo wanaoonana msibani na harusini tu. Wanaulizana safari, wanaonyeshana santuri walizopata, wanabishana nani alipiga na nani mwaka gani. Na mapema katika mazungumzo huja swali la afya za wazee: nani bado anapiga, nani ameacha, nani ametutoka. Kila mwaka orodha ya waliotutoka huongezeka.

Yapo matamasha makubwa kuliko hili. Lile la Chicago hufanyika kwa siku kadhaa na huvuta umati mkubwa katikati ya jiji. Lakini huko shabiki huwaona wanamuziki kwenye skrini kubwa. Hapa anaweza kusimama hatua tatu kutoka kwa mpigaji, akaona kidole kipi kinagusa uzi upi, na baadaye akasimama naye kwenye foleni ya samaki.

Mkahawa kando ya reli

Ili kuelewa kinachowaleta watu hapa, ni lazima kurudi nyuma hadi mwaka 1948. Mwaka huo Carey Holmes na mkewe Mary walifungua Blue Front. Walikuwa wakulima weusi katika jimbo ambalo ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria, na pamba ndiyo iliyoamua nani anakula na nani anakopa.

Mkahawa huo ulikuwa wa aina ambayo Wamarekani weusi waliiita juke: mahali pa kula, kunywa, kucheza na kusahau shamba kwa saa chache. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kufikiria kilabu cha pombe, mgahawa na ukumbi wa dansi vyote katika chumba kimoja. Palikuwa na samaki wa mtoni wa kukaanga. Palikuwa na pombe ya kupikwa kwa siri, dada wa gongo ya Tanzania, chang'aa ya Kenya na waragi ya Uganda. Na palikuwa na mtu wa gitaa kwenye kona.

Mji ulikuwa na amri ya kufunga biashara saa nne usiku. Lakini msimu wa pamba ulipofika na kiwanda cha kuchambua pamba kikawa kinafanya kazi usiku na mchana, Blue Front nayo ilikesha ili kuwalisha wafanyakazi. Ubaguzi uliingia hadi kwenye chupa: kulikuwa na soda ambayo mkahawa huo wa mtu mweusi haukuruhusiwa kumwuzia mteja mweusi, ingawa soda za aina nyingine aliweza kununua.

Kwa mapato ya mkahawa huo na mavuno ya pamba ya kila mwaka, Carey na Mary waliwalea watoto wao kumi pamoja na wapwa kadhaa, na wengi wao wakafika vyuoni. Mashabiki wanaopiga picha mlangoni leo mara nyingi hukumbuka muziki na kusahau hesabu hiyo. Jengo hilo lilikuwa ada ya shule.

Mlio wenye huzuni yake

Bluzi zote si moja. Bluzi za Delta, bonde la pamba lililo kaskazini-magharibi mwa Bentonia, zina nguvu ya mguu unaogonga sakafu. Bluzi za Chicago zina umeme, ngoma na hamonika. Bluzi za Bentonia ni kitu cha upweke. Mtu anayezisikia kwa mara ya kwanza huhisi kana kwamba amefungua mlango wa chumba ambamo mtu alikuwa akizungumza peke yake.

Siri iko katika namna ya kutega nyuzi. Gitaa lina nyuzi sita, na wapigaji wengi duniani huzitega kwa mpangilio mmoja wa kawaida. Wapigaji wengi wa bluzi walizitega upya, ili zikipigwa wazi bila kidole kubana popote, zitoe mwafaka wa meja, ule ambao sikio husikia kama mchangamfu. Watu wa Bentonia walikwenda upande wa pili. Walizitega zitoe mwafaka wa maina, ule ambao sikio la wengi husikia kama huzuni au wasiwasi. Kwa hiyo hata kabla mpigaji hajaimba neno, gitaa lenyewe limekwisha kusema kwamba kuna jambo.

Juu ya mlio huo huja sauti nyembamba ya juu, karibu na kilio. Mapigo hayahesabiki kwa urahisi. Ubeti mmoja unaweza kuwa mrefu kuliko uliotangulia, kwa sababu mpigaji yuko peke yake na hana bendi ya kusubiri. Wapigaji hodari kutoka miji mikubwa wamejaribu kufuatana na wazee wa Bentonia jukwaani na kujikuta wamefika mwisho wa wimbo kabla ya mwenye wimbo.

Wanaume watatu

Historia ya mtindo huu hubebwa na majina matatu.

Wa kwanza ni Henry Stuckey. Alikuwa askari wa Marekani nchini Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na alisimulia baadaye kwamba alijifunza utegaji huo huko, kutoka kwa askari weusi ambao inasemekana walitoka visiwa vya Bahamas. Kama simulizi hiyo ni sahihi, basi mlio unaoitwa wa Bentonia ulivuka bahari mara mbili kabla ya kufika Bentonia. Stuckey alifariki mwaka 1966. Hakuacha hata santuri moja.

Wa pili ni Nehemiah James, aliyejulikana zaidi kama Skip James, aliyezaliwa mwaka 1902. Alijifunza kwa Stuckey, akaongeza ufundi wake mwenyewe wa gitaa na piano. Mwaka 1931 alisafiri hadi Grafton, katika jimbo la Wisconsin, akairekodia kampuni ya Paramount nyimbo ambazo 18 kati yake zinajulikana hadi leo. Ulikuwa wakati mbaya. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, watu hawakuwa na fedha za kununua santuri, na nyimbo hizo hazikuuzwa. James aliachana na bluzi akaingia katika kazi ya kanisa.

Ilipita zaidi ya miaka 30. Mwaka 1964 vijana watatu wapenzi wa santuri za zamani, John Fahey, Bill Barth na Henry Vestine, walimkuta katika hospitali ya mji wa Tunica, akiwa mgonjwa. Muda mfupi tu baadaye, mwezi Julai, alikuwa jukwaani katika tamasha la Newport, mbele ya umati wa vijana ambao wengi walikuwa hawajazaliwa aliporekodi. Mwaka 1966 bendi ya Kiingereza ya Cream iliurekodi wimbo wake mmoja, na haki za utunzi zikampa fedha ambazo santuri zake mwenyewe hazikuwahi kumpa. Hakuzifaidi kwa muda mrefu. Alifariki mwezi Oktoba mwaka 1969.

Wa tatu ni Jack Owens, aliyezaliwa mwaka 1904. Huyu hakuondoka. Alilima, alipika pombe ya kienyeji, aliendesha ukumbi wake wa dansi nyumbani, na alipiga gitaa akiwa na rafiki yake Bud Spires, mpiga hamonika asiyeona. Mtafiti David Evans alimpata mwaka 1966, akiwa tayari na zaidi ya miaka 60, akampigisha mbele ya mashine ya kurekodi kwa mara ya kwanza. Mwaka 1993 taifa la Marekani lilimtunuku heshima yake kuu kwa wasanii wa jadi. Alifariki mwaka 1997.

Ukihesabu vizuri utaona jinsi uzi huu ulivyo mwembamba. Mmoja alikufa bila kurekodi. Mmoja alinyamaza miaka 30. Mmoja alisikika nje ya kijiji chake akiwa mzee.

Mwanafunzi aliyelazimishwa

Jimmy Holmes, ambaye kila mtu humwita Duck, alizaliwa mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya wazazi wake kufungua mkahawa. Stuckey aliishi jirani na familia yao, na mtoto huyo alipata kuligusa gitaa la mzee. Mwaka 1970 Holmes alichukua usimamizi wa Blue Front. Miaka miwili baadaye yeye na mama yake Mary walianzisha tamasha. Halikuwa jambo la watalii. Lilikuwa siku ya kijiji: chakula, michezo ya watoto, na wanamuziki wa karibu.

Jack Owens ndiye aliyeona hatari. Holmes amesimulia katika mahojiano mengi kwamba mzee huyo alikuwa akija mkahawani na gitaa lake, mara kwa mara, akimsukuma ajifunze. Owens hakujua majina ya noti. Hakuweza kueleza kwa maneno nyuzi zimetegwa vipi. Alichoweza ni kukaa mbele ya mwanafunzi wake, kupiga, na kumwambia atazame. Mwanafunzi alitazama, akakosea, akatazama tena. Hivyo ndivyo ujuzi ulivyohama kutoka mkono hadi mkono, kama fundi wa jahazi anavyomfundisha mwanawe bila kitabu.

Holmes alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2006, akikaribia miaka 60. Baada ya hapo zikaja nyingine, pamoja na safari za nje ya nchi. Albamu yake ya Cypress Grove, iliyotoka mwaka 2019 na kutayarishwa na Dan Auerbach wa kundi la The Black Keys, iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya mwaka 2021 katika kundi la bluzi za jadi. Tuzo ilikwenda kwa Mmississippi mwenzake wa makazi, mkongwe Bobby Rush. Lakini uteuzi wenyewe ulitosha kuufanya mji wa watu wasiofika 500 utajwe mbele ya dunia.

Umaarufu huo haukumwondoa nyuma ya kaunta. Mgeni anayepita siku ya kawaida ya wiki anaweza kumkuta mkahawani, na akiwa na bahati atasikia gitaa bila tiketi na bila jukwaa.

Wanaocheza na wanaokaa

Kufikia saa tisa mchana, tamasha huwa limepata mwendo wake. Mpigaji mmoja mmoja huachia nafasi bendi zenye ngoma na gitaa la umeme. Na hapo uwanja hugawanyika kwa namna ambayo kila shabiki aliyewahi kuhudhuria matamasha ya Mississippi anaifahamu.

Wenyeji husimama na kucheza. Kwao bluzi ni muziki wa Jumamosi, wa miguu na kiuno. Mama mwenye miaka 70 anaweza kuinuka kwenye kiti chake, akaenda mbele ya jukwaa, akacheza nyimbo tatu na kurudi kula samaki wake. Wageni wengi hukaa. Wametoka mbali, wanataka kusikia kila uzi, na wengine wameinua simu zao kurekodi. Mgeni anaweza kuona kucheza kunazuia kusikiliza. Mwenyeji anaweza kuona kukaa kimya mbele ya bluzi ni kama kukaa kimya mbele ya ngoma ya harusi.

Ubishi huu si mdogo, kwa sababu nyuma yake kuna suala la mwenye mali. Muziki uliotungwa na wakulima weusi maskini, katika chumba ambacho sheria iliwabagua hadi kwenye soda, leo unapendwa na watu ambao wengi si weusi na si maskini. Miongoni mwa waliokwenda kukaa mbele ya Holmes na kujifunza utegaji wake ni wanamuziki kutoka nje kabisa ya Mississippi, kama Ryan Lee Crosby wa Boston na Mike Munson wa Minnesota. Wanafanya hivyo kwa heshima, na wanautaja mji huo kila wanapopiga. Vijana weusi wa kusini, kwa upande wao, wana muziki wao wa kizazi chao, na si haki kuwalaumu kwa kutotaka mlio wa babu zao.

Mashabiki hulijadili jambo hili katika foleni ya chakula. Wapo wanaoshikilia kwamba mtindo usiporithiwa na watoto wa hapohapo umekufa, hata kama unapigwa kwingine. Wapo wanaojibu kwamba Stuckey mwenyewe aliupokea kwa wageni, ugenini, wakati wa vita, na kwamba mlio haujawahi kuuliza mtu katoka wapi. Pande zote mbili zina hoja, na hakuna aliyewahi kushinda ubishi huo kabla samaki hawajaiva.

Linalokubaliwa na wote ni la vitendo. Shabiki anayedai kuupenda muziki huu hununua santuri mkononi mwa mwanamuziki mwenyewe, hula kwa wauzaji wa mji, na hurudi mwaka unaofuata. Katika mji wenye biashara chache, fedha ya Jumamosi moja ina uzito wake.

Kutoka Bunkeya hadi Newport

Msomaji wa Afrika Mashariki na Kati anaweza kudhani habari hii ni ya mbali. Si ya mbali kama inavyoonekana.

B.B. King, mwana maarufu kuliko wote wa bluzi za Mississippi, alipiga gitaa lake mjini Kinshasa mwezi Septemba mwaka 1974, katika tamasha la siku tatu lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Ukumbi huohuo uliwasikia Franco, Tabu Ley na Miriam Makeba.

Lakini kiungo cha karibu zaidi na Bentonia ni mtu mwingine. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimkuta kijana mmoja akipiga gitaa mtaani Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, katika Katanga. Jina lake lilikuwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Aliimba kwa Kiswahili. Alipiga kwa vidole viwili, gumba likishika besi na kidole cha shahada kikisema wimbo, hivi kwamba gitaa moja lilisikika kama mawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliishi Nairobi kwa muda, na wapigaji wa gitaa kavu wa Kenya walimsikiliza kwa makini. Na mwaka 1969 Mwenda alialikwa katika tamasha la Newport, tamasha lilelile lililomrudisha Skip James jukwaani miaka mitano kabla.

Mwenda hakupiga bluzi, wala hakuhitaji kuzipiga. Lakini yeye na watu wa Bentonia walikuwa na kazi moja: mtu mmoja, gitaa moja, vidole vinavyofanya kazi ya bendi, na hadithi za watu wa kawaida. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya barabarani nchini Zambia. Rekodi zake zinatafutwa na wapenzi wa gitaa wa Ulaya na Marekani. Katika miji mingi ambako lugha aliyoiimba inazungumzwa kila siku, kuanzia Lubumbashi hadi Mombasa, si rahisi kumpata kijana anayeweza kupiga wimbo wake mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hapo ndipo Bentonia inapokuwa na somo. Mji ule haukuwa na jumba la makumbusho wala ruzuku kubwa wakati mama na mwanawe walipoanzisha tamasha. Walikuwa na mkahawa, uwanja, na wazee wachache ambao bado walikuwa hai. Walianza na siku moja. Alama ya barabarani ya Njia ya Bluzi ya Mississippi, mojawapo ya zaidi ya 200 zilizowekwa jimboni, ilifika baadaye sana, ikiwakuta wao wamekwisha kazi.

Jioni

Jua linapoelekea kuzama, joto hupungua na vumbi hutulia. Watoto wamelala kwenye mapaja. Viti vya mbele vimesogezwa karibu zaidi, kwa sababu kwa wengi huu ndio wakati waliousubiri. Holmes anapokaa na gitaa lake, hata wale waliokuwa wakicheza hupunguza mwendo. Huzitega nyuzi bila haraka, akizisikiliza moja moja. Kisha ule mlio wa maina hutoka, uleule ambao Owens alimwonyesha bila kuweza kuutaja jina.

Mahali fulani mbele ya jukwaa kuna kijana aliyekuja na gitaa lake mgongoni. Harekodi kwa simu. Anatazama mkono wa kushoto wa mzee, kisha wa kulia, kisha wa kushoto tena, vidole vyake vikijaribu hewani. Kama mlio huu utakuwa na mrithi, ataanzia hapo: kwa kutazama, kukosea, na kutazama tena.

Muziki ukiisha, viti hukunjwa, na magari huondoka moja moja kuelekea barabara namba 49. Wasiotaka siku iishe hutembea hadi Blue Front, ambako mara nyingi gitaa huendelea kulia ndani ya chumba kidogo hadi usiku. Kesho yake wageni watakuwa wamekwenda na nyasi zimelala kwa kukanyagwa. Treni ya mizigo itapita na kutikisa madirisha, na mlango wa mkahawa utafunguliwa kama kawaida.